Tunachangia harusi, nani anailinda ndoa? Sheria, mila na "sogea tukae" hapa Dodoma

Juzi nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya harusi, sehemu moja pale Area D, viti vya plastiki vimezungushwa, katibu na daftari lake anasoma ahadi jina kwa jina, fulani aliahidi laki kalipa elfu 50, fulani hapokei simu atafutwe. Tumekaa masaa matatu. Tumeongelea ukumbi, emsii, keki, gari la maharusi, rangi ya sare, mpaka idadi ya kreti za soda. Mimi hizi kamati naziheshimu sana, watu wenye mishahara ya kawaida kabisa wanajinyima ili mtoto wa mwenzao aoe kwa heshima, hili ni jambo kubwa na ni letu wenyewe. Ila kuna kitu kimenikaa kichwani tangu siku ile, kwamba kwa masaa yote yale hamna hata mmoja wetu aliyeuliza hawa vijana wakija kukwaruzana mwakani wataenda kwa nani.

Kilichonifanya niwaze hivyo ni dada mmoja tuliyewahi kupanga naye nyumba moja Nkuhungu. Alikuwa anaishi na fundi ujenzi, watoto wawili, miaka tisa, hamna posa, hamna mahari, hamna kanisani wala bomani, ndo ile tunayoiita sogea tukae. Baadae wakajikusanya wakanunua kiwanja kule Nala wakajenga vyumba viwili wakahamia hata plasta bado. Fundi akaugua wiki tatu akafariki. Tanga limeanuliwa leo, kesho ndugu wa marehemu wanaomba funguo. Nilikuwepo. Funguo tatu zimefungwa kamba ya kiatu ya bluu, kazishika mkononi kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na shemeji yake anamuuliza taratibu tu wala hapigi kelele, "Wewe ulitolewa mahari gani? Cheti kiko wapi?" Yeye akanigeukia mimi, "Kaka, si wanasema ukikaa miaka miwili unakuwa mke?"

Nikashindwa kumjibu. Nikaanza kuulizia, kusoma sheria yenyewe, kwenda kukaa na wazee wa baraza, na ndo nikagundua wengi wetu tunaongea kuhusu ndoa na maadili ya familia kila siku lakini tunajua vipande vipande tu. Kwahiyo ngoja nijaribu kuvipanga kama nilivyovielewa.

Kwanza, hapa Tanzania bara ndoa ina mlango zaidi ya mmoja lakini nyumba ni moja. Kabla ya 1971 mambo yalikuwa yametawanyika, Wakristo na sheria yao, Waislamu na yao, mila na yake. Serikali ikatoa waraka mwaka 1969 wa mapendekezo ya kuziunganisha, watu wakabishana, alafu ikaja Sheria ya Ndoa namba 5 ya 1971 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huohuo. Hiyo sheria haikufuta dini wala mila. Ilichosema ni kwamba unaweza kufunga kanisani, unaweza kufunga kwa sheikh, unaweza kufunga kiserikali, unaweza kufunga kimila, ila zote zikishafungwa ni ndoa moja mbele ya sheria, yaani muungano wa hiari kati ya mwanaume na mwanamke uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Neno hiari limo humo humo kwenye tafsiri. Mtu aliyelazimishwa hajaoa wala hajaolewa, hata kama ng'ombe wameshavuka mto.

Kabla ya kufunga kuna taarifa ya siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na siku ya kufunga lazima wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Hapo kwenye mashahidi naomba msipasahau, nitaparudia.

Sasa yule shemeji aliuliza mahari na cheti. Wengi tungedhani kamaliza mjadala. Kumbe kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haivunjiki kwasababu mila za mahari hazikufuatwa, na wala haivunjiki kwasababu haikusajiliwa. Cheti ni ushahidi mzito sana, usidharau, nenda kakichukue na ukitunze, ila cheti sio chenyewe kinachofanya ndoa iwe ndoa. Na mahari pia ni hivyohivyo.

Lakini nisieleweke vibaya, sisemi mahari ni upuuzi. Kwa Wagogo wa hapa kwetu mahari ya ng'ombe na mbuzi haikuwa biashara ya mtu mmoja na mkwe wake. Mifugo ilichangwa na ndugu wa upande wa baba na upande wa mama wa kijana, na ikifika kwa binti nayo inagawanywa kwa ndugu wa pande zote mbili. Ukifikiria vizuri utaona akili iliyomo humo. Mjomba aliyepata mbuzi wake kwenye ile mahari hawezi kukaa kimya ndoa ikitikisika, maana ikivunjika kuna kurudishana. Kwahiyo ndoa moja ilikuwa na watu ishirini, thelathini, wanaoijua na wenye sababu ya kutaka isimame. Leo mahari inatumwa kwa simu, laki kadhaa zinaingia kwa baba mtu mmoja, mshenga kalipwa nauli, basi. Hela imefika, wale watu thelathini hawapo tena.

Hilo ndo naona limebadilika, na sio Dodoma tu, ila Dodoma linaonekana wazi zaidi. Huu mji umekua ghafla. Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu kuanzia 2016, alafu 2018 tukawa jiji, watu wamekuja kutoka kila kona ya nchi. Kuna wanafunzi wa chuo, kuna mafundi, mama lishe, na watumishi wanaotoka mji wa serikali kule Mtumba jioni. Nenda Ilazo, Kisasa, Iyumbu, nyumba nzuri, ukuta, geti, na unaweza ukakaa mwaka mzima hujui jirani yako anaitwa nani wala yule mwanamke anayeingia na kutoka ni mke, dada, au mpangaji. Na kuna hizi ndoa za Ijumaa, mume yuko wizarani huku, mke na watoto wamebaki Dar kwasababu ya shule au kazi. Zamani ilikuwa kukesha kwenye basi, tangu Julai 2024 treni ya SGR inatembea mpaka Dodoma na safari imekuwa ya masaa machache tu, mi nimeona stesheni Ijumaa jioni wababa na mabegi madogo na zabibu kwenye mfuko wanapeleka nyumbani, inafurahisha kwa kweli. Ila Jumapili usiku au Jumatatu alfajiri wanarudi. Siku tano kati ya saba hakuna anayewaona hao watu wakiwa mume na mke.

Sasa turudi kwa yule dada na hiyo miaka miwili. Ni kweli kuna kifungu, ni cha 160. Lakini kinasomwa nusu mtaani. Hakisemi ukilala nyumba moja na mtu siku 730 basi asubuhi ya 731 umeamka mke. Kinasema mwanaume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi katika hali iliyofanya watu wawachukulie kuwa ni mume na mke, basi itachukuliwa kwamba walioana, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Yaani vitu vinavyotakiwa ni zaidi ya kimoja, muda peke yake hautoshi. Lazima iwepo ile heshima ya watu wanaowazunguka, kwamba hawa tunawajua ni mke na mume. Na lazima muwe watu mnaoweza kuoana kisheria, hapa wengi wanaumia. Mwanaume mwenye ndoa hai ya kanisani akikaa na wewe hata miaka 15 mahakama haitasema ni mume wako, kwasababu ndoa yake ni ya mke mmoja. Utakuwa umempikia, umemzalia, umemuuguza, na dhana ya ndoa inagoma. Sheria haijakuacha mikono mitupu kabisa, kifungu hichohicho kinampa mwanamke ruhusa ya kuomba matunzo yake na ya watoto hata kama dhana imekataliwa, ila sio sawa na kuwa mke. Na watoto kwa upande wao wana Sheria ya Mtoto ya 2009 ambayo inakataza mtu kumnyima mtoto haki yake kwenye mali za mzazi, hilo halina mambo ya cheti cha mama.

Umeona hapo lakini? Sheria ya 1971 ikitaka kujua kama nyie ni mke na mume haianzi kutafuta karatasi, inaenda kuwauliza majirani. Imejengwa kwa kuamini kwamba watu wanajuana. Na sisi tumejenga mji wa watu wasiojuana.

Hata kwenye ugomvi ni hivyohivyo. Huwezi kuamka asubuhi ukaenda mahakamani kuomba talaka. Kifungu cha 101 kinakutaka upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, na sheria ilitaka liwepo kila kata, kuna mabaraza ya dini pia, BAKWATA wanayo na makanisa yanayo. Baraza linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wasiozidi watano. Wakishindwa kuwapatanisha ndo wanatoa hati, na hiyo hati ndo unaenda nayo mahakamani, iwe mahakama ya mwanzo au ya juu. Kuna watu hawahitaji kupita hapo, kwa mfano mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, au amefungwa kifungo cha maisha au cha miaka 5 na zaidi. Waliooana Kiislamu nao wajue hili maana limewasumbua wengi, mume akitamka talaka bado mbele ya serikali haijakamilika mpaka mahakama iseme, na mahakama inataka ione kwanza ile hati ya baraza kwamba usuluhishi ulishindikana.

Wengi wanalichukulia baraza kama mlango wa kugonga muhuri. Mi nilikaa kwenye kikao kimoja, nimemsindikiza jirani, nikabadilisha mawazo kabisa. Chumba kidogo ofisi ya kata, benchi mbili, feni haizunguki. Mke alikuwa amekopa mkopo wa kausha damu bila kumwambia mume, marejesho yamemshinda, wakaja watu wakabeba tivii na godoro mume akiwa kazini. Mume anataka talaka, kashaandika mpaka barua. Mwenyekiti mama mtu mzima, khanga begani, hakuuliza habari ya mkopo wala ya godoro. Akamuuliza mume, "Baba, mara ya mwisho wewe na mwenzio kula chakula meza moja ni lini?" Jamaa akaangalia juu kwenye bati, akawaza, akasema hakumbuki, yeye anakula kwa mama lishe huko saiti anarudi usiku. Akamgeukia mke, "Na wewe mwanangu ile hela ulikopa ya nini?" Mke kimya, alafu akasema ada ya mtoto, na kwamba aliogopa kumuomba mumewe kwasababu kila akiomba hela anaambiwa yeye anashinda nyumbani anafanya nini. Kile chumba kilinyamaza. Walirudishwa mara tatu, wiki kwa wiki, wakapangiwa namna ya kulipa lile deni pamoja. Sisemi wanaishi kama malaika ila wanaishi.

Na hilo swali la "unashinda nyumbani unafanya nini" lina jibu la mahakama, tena jibu la miaka mingi. Kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango wa mke kwenye mali iliyochumwa wakiwa pamoja, kwahiyo zinahesabika kwenye mgawanyo wa mali wa kifungu cha 114. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu kwenye rufaa hiyo, mahakama iliona hela aliyopewa na mumewe kuanzishia shughuli aliitapanya, lakini njia aliyoifungua wamepita wanawake wengi baada yake. Haimaanishi ni nusu kwa nusu kila mara, mahakama inaangalia kila mmoja amechangia nini na kwa kiasi gani. Na kabla hata ya kufika kwenye kuachana kuna kifungu cha 59 ambacho hapa Dodoma kwenye huu moto wa viwanja kila mtu angekijua, nyumba mnayoishi kama familia, mmoja hawezi kuiuza, kuitoa zawadi wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa hai. Nimeona watu wanatia saini mkataba wa mauziano kwa mwenyekiti wa mtaa mke yuko shambani Mpunguzi hana habari. Ukinunua nyumba namna hiyo umenunua kesi.

Kuna jambo lingine siwezi kuliacha. Ukisema "maadili ya familia" mbele za watu, mara nyingi kinachosikika ni mwanamke avumilie. Kwenye kicheni pati tunamwambia bibi harusi afunge mdomo, asitoe siri za ndani, mwanaume ni mtoto mkubwa. Siri ipi? Kupigwa sio siri ya ndoa. Kifungu cha 66 kimeandikwa wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, sheria ya 1971 hiyo, wakati wengi wetu hatujazaliwa, hivyo asije mtu akasema ni mambo ya kizungu yameletwa juzi. Mimi napenda ndoa zidumu, nimeoa, naombea ndoa za watoto wangu, lakini ndoa inayodumu kwasababu mmoja anaogopa kufa hiyo siitetei, na nadhani tunaharibu jina la ndoa kila tunapoitetea. Na ishu ya umri ni hiyohiyo. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi wakati mvulana ni 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, akaenda mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mtoto wa miaka 15 anatakiwa awe darasani, mzazi anayempeleka kwa mume hajengi familia.

Kwahiyo mtu akiniuliza tuendelezeje ndoa katika huu mji mpya wa watu wasiojuana, mi nisingeanzia kwenye makongamano. Ningeanzia kwa wale mashahidi wawili. Kwenye harusi zetu mashahidi tunawachagua kwa kupendeza kwenye picha, wanasaini, wanacheza, wanaondoka. Wachagueni watu mtakaoweza kuwagongea mlango saa nne usiku. Waliohamia Ilazo na Iyumbu wakajitambulishe kwa balozi, wawili, sio baba peke yake, jina la mke liandikwe kwenye daftari. Wanaokaa sogea tukae na wanapendana kweli, waende wakafunge, kiserikali haihitaji ukumbi wala keki, ni ile taarifa ya siku 21, mashahidi wawili na ada. Wengi wanaogopa kuoa kwasababu wanadhani kuoa ni harusi, na hiyo hofu tumeitengeneza sisi kamati.

Yule dada wa Nala alifungua pingamizi kwenye mirathi, mahakama ya mwanzo. Shemeji alikuja na muhtasari wa kikao cha ukoo ambao jina la huyu dada halimo, wamewaandika watoto tu. Yeye hakuwa na karatasi yoyote zaidi ya kadi za kliniki. Majirani wa Nala hawakuweza kumsaidia sana, walikuwa wageni wa miezi sita pale, kila mtu na ujenzi wake. Ikabidi turudi Nkuhungu tulikokuwa tunachota maji bomba moja. Akaja balozi, akaja mwalimu wa chekechea na fomu ambayo marehemu mwenyewe aliijaza, sehemu ya mama wa mtoto kaandika jina la huyu dada na mbele yake "mke wangu" kwa kalamu nyekundu, na akaja mama mmoja muuza genge aliyekuwa anawakopesha nyanya na mkaa kwa miaka yote ile.

Hakimu akamuuliza yule mama wa genge, huyu uliyemkuta pale ulikuwa unamuitaje? Mama akamuangalia hakimu kama vile hajaelewa swali, akasema, "Mke wa fundi. Deni la fundi alikuwa analilipa yeye, deni lake analilipa fundi. Sasa ningemuita nani?"

Zile funguo anazo yeye mpaka leo, na ile kamba ya bluu hajaibadilisha.